Ukinisikia Nikigonga

"Naacha kuimba," Lovre alisema. "Sikukuu ikipita tu, namwambia Bepo watafute mtu mwingine."

Dinka hakuinua macho. Alikuwa amepiga magoti mbele ya bamba la jiwe jeupe, patasi mkono wa kushoto na nyundo mkono wa kulia, akichonga jani la mzabibu litakalokaa juu ya mlango wa kanisa. Akagonga mara tatu, akapuliza vumbi, akagonga tena. Kisiwa kizima cha Brač kilimjua kwa mambo mawili: hakuna aliyemzidi kuchonga majani na maua kwenye jiwe, na hakuna aliyewahi kumharakisha.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nangoja upuuzi uishe wote, nijibu mara moja."

Lovre aliegemeza pikipiki yake ya manjano ukutani, akavua mfuko wa barua begani. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mrefu, shingo imeungua jua kwa kupanda na kushuka vijia vya kijiji na barua za watu. Mfuko ule ulikuwa na barua ya Mzee Kuzma, baba yake Dinka, na wote wawili walijua itakavyopokelewa. Mzee hakuwahi kupokea kitu mkononi mwa Lovre. Alikuwa akisema kutoka dirishani, "Weka ukutani, weka na jiwe juu," kisha anangoja mpaka pikipiki ipotee kwenye kona ndipo atoke.

Kisa chenyewe kilikuwa cha miaka mitatu. Kwa miaka thelathini na moja Mzee Kuzma ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya klapa ya kijiji, wale wanaume wanane wanaoshikana mabega na kuimba bila gitaa wala kinanda, kila mmoja akimtazama mwenzake mdomoni. Yeye ndiye aliyeanza, wengine wakamfuata. Halafu ikaja sikukuu moja ya Mtakatifu Roko, uwanja umejaa, na katikati ya wimbo wa pili sauti yake ikapasuka kama chungu. Alimalizia wimbo midomo imefungwa. Akaenda nyumbani, akafungua mkanda mwekundu wa waimbaji kiunoni, na hakukanyaga tena chumba cha mazoezi. Miezi miwili baadaye posta ilimleta Lovre kutoka kisiwa cha Vis. Bepo, kiongozi wa klapa, akamsikia akiimba peke yake mlimani na barua zake, akampa nafasi ya mzee, na hadithi ikaishia hapo. Kwa Mzee Kuzma, aliyekuta kiti kitupu akakikalia na aliyemsukuma mwenye kiti walikuwa mtu yule yule.

"Haya, nimemaliza," Lovre alisema. "Sasa jibu."

Dinka akaweka nyundo chini. Akamtazama kwa yale macho yake ya kijivu yaliyokuwa yakimfanya Lovre asahau anwani za watu.

"Nani amekutuma useme hivyo?"

"Baba yako. Wiki iliyopita alimwambia Bepo, aliyemchukulia mdomo hatamchukulia na binti, labda afe kwanza. Basi kama mdomo wangu ndio shida, naufunga. Nyimbo ziko nyingi, Dinka. Wewe uko mmoja."

Maneno matamu, na mwanamke mwingine angeyapokea kwa mikono miwili. Dinka alihisi hasira ikimpanda taratibu.

"Unajua nilikupenda lini?"

"Umeshaniambia."

"Nakwambia tena, maana inaonekana umesahau."

Hakuwa amesahau, wala asingeweza kusahau. Ilikuwa majira ya baridi, siku ya kumzika bibi yake Dinka, yule aliyemlea na kumfundisha kushika patasi. Kwa siku tatu Dinka hakuwa ametoa chozi. Aliwapikia wageni, akachonga herufi za kaburi kwa mkono wake mwenyewe, na watu wakaanza kunong'ona kwamba binti ya Kuzma ana moyo wa jiwe analolichonga. Kisha pale kaburini klapa ikasimama nusu duara. Lovre akaanza peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Akaingia wa pili, akaingia wa tatu, kisha wote, na zile sauti zikawa kama mikono mingi iliyokuja kumpokea mzigo asiojua kama ameubeba. Alilia mpaka shangazi akamshika kiuno asianguke. Baba yake alisimama kando, taya zimekaza, akitazama udongo.

Kesho yake Dinka alimfuata Lovre hadi mlangoni pa posta.

"Jana ulikuwa unaimba ukimtazama nani?" alimuuliza.

"Sikuwa nakutazama wewe, kama ndicho unachoogopa."

"Siogopi. Nauliza."

Lovre akapanga barua ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Nilikuwa nakutazama wewe," alisema.

"Sasa sikiliza," Dinka alimwambia leo, akijipangusa vumbi magotini. "Nikifika miaka hamsini, watu wakiniuliza mume wangu ni nani, niseme ni yule aliyekuwa akiimba zamani? Na wewe utakuwa unaniangalia mezani, kila Alhamisi wenzako wakienda mazoezini, unahesabu nilichokugharimu. Sitaki mume wa namna hiyo."

"Nataka tu mzee apoe."

"Hatapoa. Wewe hukumnyang'anya kitu, umri ndio uliomnyang'anya. Ukinyamaza wewe, yeye anarudishiwa nini? Kijiji kitakuwa na wanaume wawili walionyamaza badala ya mmoja."

Lovre alisogea, akainua mkono akamfuta vumbi jeupe lililokuwa limeganda shavuni, na mkono ukachelewa kuondoka. Dinka aliuacha hapo. Kutoka machimboni juu ilisikika mashine ikikata jiwe, kisha ikazimwa kwa chakula cha mchana, na kijiji kikatulia.

"Basi niambie la kufanya," Lovre alisema, "maana mimi nimefika mwisho."

"Kesho, siku ya sikukuu, baada ya misa, kabla hamjakusanyika uwanjani, njoo nyumbani. Njoo umevaa shati jeupe na mkanda wako mwekundu, usijifiche. Panda ngazi, unipose."

"Akinifukuza?"

"Nitakuwa mlangoni. Atakayetaka kukufukuza ataanza na mimi."

Lovre akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Watu wanasema nimebahatika kupata msichana mpole."

"Watu gani hao?"

"Sijawapata bado. Naendelea kuwatafuta."

Jioni ile jikoni, mama yake, Ursa, alikuwa akichambua mboga za majani na kumenya viazi vya kesho. Dinka alikaa upande wa pili wa meza akamsaidia. Baba alikuwa nje kwenye mizinga yake ya nyuki, nyuma ya mizeituni.

"Kesho Lovre anakuja kuniposa, mama."

Kisu cha Ursa hakikusimama. "Saa ngapi? Nijue niweke samaki wangapi kwenye makaa."

"Huna neno?"

"Na kijana sina neno. Ana adabu, na hanywi akapiga kelele barazani kama mjomba wako. Ila wewe utaolewa uende zako pale mtaa wa chini, na mimi nitabaki humu na yule mzee aliyenuna. Miaka mitatu, Dinka. Redio ikipiga klapa, anaizima. Mwaka jana harusi ya mpwa wangu alikaa kwenye gari."

"Mama, wewe humsikii asubuhi kule kwenye nyuki?"

Ursa akaweka kisu chini.

"Kumbe na wewe unasikia," alisema polepole.

"Tangu Pasaka. Mwanzo nilidhani ni nyuki wenyewe. Kisha nikasikia ni ule wimbo wa mchonga mawe, lakini si sehemu yake ya zamani. Anaimba chini kabisa. Anaimba besi."

"Tena nzuri," mama alisema, na macho yakamlowa kidogo. "Nimelala na mwanamume huyu miaka arobaini, sikujua kama ana ghala chini ya nyumba. Lakini usimwambie. Akijua tumesikia, na hilo ataliacha."

"Au ataacha kujificha."

"Unajiamini sana wewe."

"Nimezaliwa na nani?"

Ursa akamrushia ganda la kiazi.

Siku ya pili, kengele za misa zilipokwisha kulia na watu wakaanza kumiminika kutoka kanisani, Mzee Kuzma hakushuka uwanjani. Alikaa juu ya ngazi za mawe mbele ya mlango wake, kikombe cha kahawa mkononi, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Kutoka hapo aliweza kuona bahari, paa jeupe la kanisa, na kila mtu anayekuja. Kwa hiyo alimwona Lovre tangu mbali.

Lovre alipanda bila haraka, shati limepigwa pasi, mkanda mwekundu kiunoni, mikono haina kitu. Akasimama ngazi tatu chini ya mzee. Dinka alikuwa ameshatoka akasimama kwenye kizingiti, nyuma ya bega la baba yake.

"Leo Jumapili," Mzee Kuzma alisema. "Posta imefungwa."

"Sikuja na barua, mzee."

"Basi umepotea njia. Klapa wanakutana kule chini."

"Njia ndiyo hii. Nimekuja kumposa Dinka."

Mzee akanywa kahawa. Akaimeza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kahawa.

"Kwanza nafasi yangu," alisema. "Sasa binti yangu. Mwakani utakuja kuuliza kitanda changu kina upana gani?"

"Nafasi yako sikuichukua, mzee. Niliikuta tupu."

Dinka alishikilia mlango. Hilo neno hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwambia baba yake usoni. Mzee aliweka kikombe chini kwenye jiwe, na kikombe kikagongana na kisahani chake.

"Tupu," alirudia.

"Tupu. Na kila Alhamisi nikisimama pale najua ni pana kuliko mimi. Bepo hasemi, lakini naona anavyonitazama tukifika ubeti wa pili wa ule wimbo wa mchonga mawe. Ananitazama mimi, lakini anakutafuta wewe."

Wimbo ule ulikuwa wa kijiji chao, mzee kuliko kanisa, watu walivyosema. Kijana wa machimboni anamwimbia msichana aliye ng'ambo ya bonde: ukinisikia nikigonga, si jiwe ninaligonga. Hakuna mtu wa pale aliyeoa au kuzikwa bila wimbo huo.

"Bepo anakutazama kwa sababu unakimbia," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa kali, lakini ilikuwa ukali wa aina nyingine, wa fundi aliyeona ukuta umepinda. "Nakusikia kutoka hapa kila sikukuu. Ubeti wa pili unakimbia kama umebeba telegramu. Yule kijana hana haraka. Ameacha kugonga, anasikiliza kama msichana atajibu. Wewe humpi hata nafasi ya kujibu."

"Basi nifundishe."

"Sina sauti ya kufundishia mtu."

"Unayo, baba," Dinka alisema.

Mzee hakugeuka.

"Nakusikia asubuhi kwenye mizinga. Haijafa. Imeteremka tu, imehama chumba."

"Wale ni nyuki."

"Nyuki hawajui maneno."

Shingo ya mzee ikapanda wekundu kutoka kwenye kola. "Nani mwingine amesikia?"

"Mimi," Ursa akasema kutoka jikoni, bila kutoa kichwa. "Na jirani. Na Padri alipokuja kuchukua asali."

Mzee Kuzma akasimama. Alikuwa bado mtu mkubwa, mabega ya mtu aliyevunja miamba ujana wake wote, na kwa kitambo Dinka aliamini ataingia ndani na mlango utafungwa, na itakuwa miaka mingine mitatu. Hakusogea kumpisha. Baba na binti wakatazamana pale kizingitini, macho ya kijivu kwa macho ya kijivu.

"Umepanga haya," alisema baba.

"Nimepanga aje kuniposa. Hayo mengine mmeyaanza nyie wenyewe."

Ndipo Lovre, ambaye hakuwa na cha kupoteza zaidi, akafanya kitu pekee alichokuwa na hakika nacho duniani. Akaanza kuimba.

Alianza chini, peke yake, ngazi tatu chini ya mzee. Dinka akavuta pumzi, akaingia na sauti ya pili. Aliijua tangu utotoni, kwa kuwa alilala miaka yote juu ya chumba baba yake alichofanyia mazoezi nyumbani. Sauti mbili zikapanda pamoja zikashikana, nzuri, lakini chini yake palikuwa na shimo. Mtu yeyote wa kisiwa kile angelisikia. Ilikuwa kama nyumba yenye paa na haina sakafu. Mkono wa Mzee Kuzma ulikuwa umekamata mwimo wa mlango, na vidole vyake vikawa vyeupe. Walipofika ubeti wa pili, mkono ule ukanyanyuka.

"Simama," alisema. "Umekimbia tena."

Lovre akasimama.

"Baada ya 'nikigonga', nyamaza. Usivute pumzi haraka. Nyamaza mpaka uogope kwamba hatajibu, kisha ndiyo uendelee. Rudi mwanzo wa ubeti. Na wewe, Dinka, usimfunike. Yeye ndiye anayeomba, wewe unamsindikiza tu."

Wakarudi mwanzo wa ubeti. Ukinisikia nikigonga, Lovre aliimba, kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, na katika ule ukimya akamtazama Dinka, naye Dinka akaona kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu mwenye kujiamini aliogopa kweli, aliogopa kumkosa, na moyo wake ukampiga kwa nguvu mpaka akasahau kuingia.

Aliyeingia ni baba yake.

Sauti ilitoka chini, nzito, ya mchanga kidogo pembeni, ikaweka sakafu palipokuwa na shimo. Dinka alihisi jiwe la kizingiti likitetemeka chini ya miguu yake. Akaokota sehemu yake akaendelea. Mzee alishuka ngazi moja, akashuka ya pili, akiimba, na alipofika alipo Lovre akamwekea mkono begani, kwa kuwa hivyo ndivyo klapa inavyosimama, mtu haimbi mikono imening'inia. Mkono wa pili akaunyoosha nyuma bila kutazama, Dinka akaushika. Wakamaliza wimbo hivyo, watatu, na sauti ya mwisho wakaishikilia mpaka ikaisha yenyewe hewani.

Barabarani watu waliokuwa wanashuka uwanjani walikuwa wamesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mzee wa jirani alikuwa amevua kofia.

Mzee Kuzma aliondoa mkono begani kwa Lovre kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Besi wenu wa pili ni nani siku hizi?" aliuliza, akitazama bahari.

"Hatuna. Alihamia Ireland mwezi wa tano, kafuata kazi. Bepo anaziba."

"Bepo hajawahi kuwa besi. Bepo ni pipa." Akakohoa. "Mnaanza saa ngapi?"

"Saa sita, mzee."

"Nina dakika arobaini basi."

Hapo akamgeukia binti yake. Lovre ndiye aliyeposa, lakini mzee hakumtazama Lovre. Alimtazama Dinka kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo anaposhika nyundo nzito kuliko yeye, akijiuliza amwachie au amnyang'anye.

"Utamchukua huyu?" aliuliza. "Anakimbia kwenye ubeti wa pili."

"Nilishamchukua zamani, baba. Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Mzee akatikisa kichwa mara moja, akavua kofia akajipangusa paji la uso, na Dinka akaona kwamba pembe za macho yake zilikuwa na maji. Hakuyaficha.

"Basi iwe kabla ya mavuno ya zabibu," alisema.

"Iwe baada ya mavuno," Ursa akasema kutoka jikoni. "Septemba sina mikono ya harusi. Na mtu aje ageuze samaki, mimi natafuta shati lako."

Mzee Kuzma akaingia ndani kubishana na mkewe kuhusu tarehe. Lovre, aliyekuja kuuliza swali na kuona linajibiwa bila mtu kumtazama yeye, akaketi kwenye ngazi, akaanza kucheka taratibu, uso ndani ya viganja. Dinka akashuka akaketi karibu yake, bega kwa bega, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima. Kisha akamwondoa mikono usoni, akambusu, na hakujali nani anatazama.